Sura ya 7: Haionekani, Lakini Ipo

Katika nyumba nyingi zenye kompyuta mbili, faili husafiri safari ndefu isiyo na sababu. Chukua nyumba ya mwalimu wa sekondari pale Buhemba, wilaya ya Butiama, mji mdogo ambao wengi wanaujua kwa dhahabu yake. Mwalimu amemaliza kuchapa mtihani wa kidato cha pili kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows. Printa iko chumba cha pili, imechomekwa kwenye kompyuta mpakato ya mwanawe, nayo inatumia Ubuntu. Mwalimu anautuma mtihani kwa WhatsApp. Faili linapanda mnarani, linakwenda hadi kwenye seva za nje ya nchi, linarudi, kisha linashuka hatua chache tu kutoka pale lilipochapwa. Bando limeliwa mara mbili, kwenda na kurudi. Siku mtandao wa simu ukisumbua wanatumia flashi, na flashi ndizo zinazosambaza vile virusi vinavyoficha mafolda na kuacha njia za mkato mahali pake.

Wakati huo huo, ruta ya laini iliyo juu ya kabati inazihudumia kompyuta zote mbili. Kwa kazi ya kupeleka faili kutoka chumba hiki kwenda kile, ruta hiyo haihitaji bando wala mnara, inahitaji umeme tu. Hiyo ndiyo sababu nimeipa kazi hii sura nzima. Mtandao wa nyumbani ni mali ya mwenye nyumba, alishaulipia siku aliponunua ruta.

Ukiuliza kwa nini hautumiki, utajibiwa kwamba mashine hazionani. Ukimwita fundi, huenda akakuambia Windows na Linux hazielewani, dawa ni kupiga Windows kwenye zote mbili. Usikubali kabla hujapima. Mifumo hii imekuwa ikielewana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Na kompyuta isiyoonekana kwenye orodha ya mtandao mara nyingi inafikika vizuri kabisa, ila hakuna aliyejaribu kuifikia bila kupitia orodha. Kuonekana na kufikika ni mambo mawili, kila moja lina utaratibu wake na hitilafu zake. Anayeyachanganya atahangaika usiku kucha na kitu kisicho kibovu.

Nyumba zenye mifumo endeshi mchanganyiko zitaongezeka, hazitapungua. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 mnamo Januari 14, 2020, na Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na kompyuta nyingi za mtumba zilizoko majumbani kwetu hazina sifa hizo. Mashine ni nzima, skrini ni nzima, haina kosa ila umri. Kijana aliyerudi likizo kutoka chuoni anaiwekea Ubuntu au Linux Mint, inaamka kama mpya, na nyumba tayari ina mifumo miwili. Wala Linux si mgeni Tanzania. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004.

Kupima kunaanzia kwenye anwani. Kwenye Windows fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd, kisha andika ipconfig. Kwenye Ubuntu fungua terminali, andika ip addr. Kila mashine itakuonyesha namba nne zilizotenganishwa kwa nukta. Tuseme ya mwalimu ni 192.168.1.20 na ya kijana ni 192.168.1.21. Katika ruta za nyumbani, namba tatu za mwanzo zikifanana, mashine ziko mtaa mmoja. Namba zinazoanza na 192.168 zilitengwa kwa matumizi ya ndani, kwa kanuni ya mtandao iliyoandikwa Februari 1996, na nyumba yoyote duniani inaweza kuzitumia bila kumwomba mtu.

Ukiona 169.254 mwanzoni, acha kila kitu kingine. Kompyuta hiyo iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Angalia waya, angalia nywila ya Wi-Fi, izime ruta na uiwashe tena. Kugusa mipangilio ya kushea folda kabla ya hapo ni kupoteza muda.

Kuna hitilafu ya anwani inayosumbua zaidi kwa sababu kila kitu huonekana kizima. Mwenye nyumba ana steshenari upande wa barabarani, Wi-Fi ya sebuleni haifiki, ananunua ruta ya pili na kuichomeka kwenye ya kwanza. Intaneti inapatikana kote, anaridhika. Lakini ruta ya pili imechomekwa kwenye tundu lake la kupokea intaneti, kwa hiyo imeanzisha mtandao wake: sebuleni ni 192.168.1, dukani ni 192.168.0. Kompyuta ya dukani inaweza kuifikia ya sebuleni, ya sebuleni haiwezi kuifikia ya dukani, na watu wanahitimisha kwamba Linux ndiyo mbovu. Dawa yake ni kuingia kwenye ruta ya pili, kuipa anwani isiyogongana na nyingine yoyote, kuzima kazi yake ya kugawa anwani inayoitwa DHCP, kisha kuhamisha waya kutoka tundu la intaneti na kuuchomeka kwenye mojawapo ya matundu ya kawaida. Baada ya hapo ruta ya kwanza inagawa anwani kwa nyumba nzima, na ya pili inabaki kueneza Wi-Fi.

Chunguza pia kama Wi-Fi mliyojiunga nayo ni ile ya wageni. Ruta nyingi huwatenga wageni makusudi wasifikiane, na zile ndogo za mfukoni mara nyingine huja na utengano huo umewashwa kwa kila mtu, chini ya jina AP Isolation. Kwenye mkahawa ni ulinzi mzuri, nyumbani unaifungia familia.

Anwani zikiwa sawa, kila mtu hukimbilia amri ya ping, inayoiuliza mashine nyingine kama ipo. Ni amri nzuri lakini ina mtego. Kijana akiandika ping 192.168.1.20 kwenye Ubuntu yake na Windows ya mwalimu, mama yake, ikanyamaza, bado hajajua chochote cha uhakika, kwa sababu faiawoli ya Windows huweza kuzinyamazia ping hata mashine ikiwa nzima na imewashwa. Mara baada ya ping hiyo iliyonyamaziwa, aandike ip neigh. Ataona mstari wa 192.168.1.20, na mbele yake namba ndefu ya herufi na tarakimu zilizotenganishwa kwa nukta pacha. Hiyo ni namba ya kadi ya mtandao ya kompyuta ya mama, na haiwezi kuwapo pale bila kadi hiyo kujibu. Windows imekataa kuitikia ping, lakini kadi yake imeitikia swali la chini zaidi, la nani mwenye anwani hii. Njia ni nzima, kizuizi kiko ndani ya mashine. Mstari huo mmoja unaokoa kazi kubwa ya kukagua waya na ruta zisizo na kosa. Neno FAILED likitokea mahali pa namba, hapo ndipo urudi kwenye waya na Wi-Fi.

Sasa orodha, ambayo ndiyo chanzo cha malalamiko mengi.

Itifaki inayotumika kushea folda na printa inaitwa SMB. Ilianzia IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kazi ya Barry Feigenbaum, kisha Microsoft ikaichukua na kuikuza. Mwishoni mwa 1991, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, Andrew Tridgell, alitaka kompyuta yake ya DOS isome diski ya mashine ya Unix. Hakuwa na maelezo ya itifaki iliyohusika. Akatazama vifurushi vya data vinavyopita kwenye waya, akasoma tabia yake, akaandika programu inayojibu vivyo hivyo. Programu hiyo ilikua ikawa Samba, nayo ndiyo inayoiwezesha Linux kushea folda zake na Windows hadi leo. Maelezo rasmi yalikuja baadaye sana: Tume ya Ulaya iliiamuru Microsoft mwaka 2004 itoe taarifa za itifaki zake, na Desemba 2007 timu ya Samba ikazipata kwa ada ya euro 10,000. Nawaheshimu sana watu hawa. Kila mtihani unaochapwa Buhemba kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine unapita kwenye kazi yao.

Katika itifaki hiyo ya zamani, orodha ya kompyuta zilizomo mtandaoni ilitunzwa na kompyuta mojawapo. Mashine zilifanya uchaguzi wa kweli, zikipigiana ujumbe kulinganisha matoleo ya mifumo yao, na aliyeshinda akawa kama balozi wa nyumba kumi: yeye ndiye anayejua nani yupo, na mwenye kutaka kujua anamuuliza. Kila mashine ilijitangaza kila baada ya dakika 12, na iliyozimwa haikufutwa mpaka ikose kujitangaza mara tatu. Ndiyo maana enzi za Windows XP kompyuta iliyozimwa iliendelea kuonekana nusu saa nzima, na iliyowashwa ilichelewa kutokea. Majina nayo yalikatwa kwenye herufi 15. Ukiiita mashine moja KOMPYUTA-YA-MWALIMU na nyingine KOMPYUTA-YA-MWANAFUNZI, kwa mfumo huo zote mbili zinakuwa KOMPYUTA-YA-MWA, na mtandao una watu wawili wa jina moja. Hata leo toa majina mafupi. SEBULE na DUKA yanatosha.

Mpango huo ulikufa 2017. Tarehe 14 Machi mwaka huo Microsoft ilitoa kiraka cha udhaifu mkubwa ndani ya SMB1, toleo la kwanza la itifaki. Wengi hawakukiweka. Tarehe 12 Mei virusi vya WannaCry vilipita kwenye tundu hilo hilo, vikafunga mafaili katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia, na hospitali za umma za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Oktoba ya mwaka huo toleo la 1709 la Windows 10 likaanza kuiondoa SMB1. Samba nayo ikaizima katika toleo lake la 4.11 la mwaka 2019. Ulikuwa uamuzi sahihi. Lakini orodha ya zamani ilikuwa inategemea SMB1, ikaondoka nayo. Windows ikahamia kwenye njia nyingine ya kutambuana, WS-Discovery, ambayo Samba yenyewe haiizungumzi.

Matokeo yake ndiyo hali ya nyumba ya mwalimu. Folda ya kijana imesheawa na mlango wake uko wazi, lakini kwenye dirisha la Network la Windows hakuna kitu. Usibofye popote. Fungua dirisha la mafaili, futa kilichoandikwa kwenye upau wa juu, andika \\192.168.1.21 na ubonyeze Enter. Mara nyingi folda inafunguka papo hapo, au Windows inaomba jina na nywila, na kuombwa nywila ni habari njema kwa sababu mashine ya pili imejibu. Kutoka upande wa Ubuntu, kwenye programu ya mafaili, andika smb://192.168.1.20. Nyumba nyingi zingemaliza hapa, kwa kuweka njia ya mkato kwenye skrini na kuisahau orodha. Ukiitaka orodha, weka kwenye Linux programu ndogo ya wsdd, na Windows itaanza kuiona. Ushauri wa kuirudisha SMB1 ili orodha itokee upo mwingi na unafanya kazi. Usiufuate. Unairudisha itifaki ile ile iliyopitiwa na WannaCry ili kupata alama ya picha kwenye skrini.

Anwani ikikataa nayo, pima mlango wenyewe. SMB husikiliza kwenye poti namba 445. Kwenye Ubuntu andika nc -zv 192.168.1.20 445, na kwenye PowerShell ya Windows andika Test-NetConnection 192.168.1.21 -Port 445. Jibu la kufaulu maana yake tatizo limebaki kwenye nywila au ruhusa. Jibu la kushindwa, kwa upande wa Windows, mara nyingi lina asili moja: siku ilipojiunga na Wi-Fi, Windows iliuweka mtandao huo kwenye kundi la Public, yaani mahali pa hadhara kama stendi au hoteli, na huko hukataa wageni wote. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, ubadilishe uwe Private, kisha washa kushea mafaili na printa. Ukinunua ruta nyingine au ukabadilisha jina la Wi-Fi, Windows itauona kama mtandao mpya na swali litarudi. Kuzima faiawoli yote, kama wengine wanavyofanya, kunafungua milango ambayo hujui hata kwamba unayo.

Upande wa nywila ndiko ninakoona watu waangalifu wakikwama, kwa sababu wana uhakika wanachoandika ni sahihi.

"Mama, nywila ya kompyuta yako ni ipi?"

"Si zile namba nne ninazoingilia kila siku, mwanangu."

Zile namba nne ni PIN, na PIN ya Windows ni ya mashine ile ile tu, haivuki mtandao. Akaunti ina nywila yake nyuma ya PIN, aliyoiweka siku ya kwanza na huenda ameisahau. Hiyo ndiyo inayotakiwa. Pia zipo nyumba ambazo kompyuta haina nywila kabisa, unaiwasha na kuingia. Windows hairuhusu akaunti isiyo na nywila kuingiliwa kutoka mashine nyingine. Hukataa. Weka nywila, au fungua akaunti nyingine yenye nywila kwa ajili ya kazi hii.

Upande wa Linux una lake. Nywila unayoingilia Ubuntu haitambuliwi na Samba, kwa sababu Linux huihifadhi kwa namna ambayo itifaki ya Windows haiwezi kuitumia. Samba ina daftari lake. Andika sudo smbpasswd -a na jina la mtumiaji, uweke nywila, inaweza kuwa ile ile. Kijana anayeshea folda kwa kubofya peke yake, bila hatua hii, atakataliwa nywila iliyo sahihi hata akiiandika mara mia. Njia ya kuruhusu mgeni asiye na nywila ilikuwa rahisi zamani, lakini inafungwa: Windows 11 Pro toleo la 24H2 haiikubali kwa kawaida, na inadai pia mawasiliano yawe na sahihi ya usalama. Jizoeze nywila.

Mambo madogo yanayobaki nayapitia upesi. Linux inakubali faili liitwe Mtihani: Fizikia?, Windows haikubali nukta pacha wala alama ya kuuliza kwenye jina, kwa hiyo upande wa pili faili hilo litatokea na jina la ajabu lenye ~ ndani yake. Kwa Linux, Alama.xlsx na alama.xlsx ni mafaili mawili, na Windows itachanganyikiwa yakikaa folda moja. Kompyuta moja ikiwa na mifumo yote miwili, saa yake itapotea kwa saa tatu kamili: Linux huweka saa ya ndani ya mashine kwa saa za dunia, Windows huiweka kwa saa za hapa, na tofauti yetu ni hizo tatu. Saa nne asubuhi inasomeka saa moja. Tarehe za mafaili zinaharibika, na ukinakili kwa programu inayochagua faili jipya zaidi, la zamani linaweza kulifuta jipya. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 kwenye Linux inamaliza mgogoro huo.

Umeme nao una lake. Ukikatika na kurudi, ruta huanza kugawa anwani upya, na 192.168.1.21 ya jana inaweza kuwa simu ya shangazi leo. Njia ya mkato haifunguki, watu wanasema mashine zimeacha kuonana tena. Ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya DHCP, uifungie kila kompyuta anwani yake kwa ile namba ndefu ya kadi uliyoiona kwenye ip neigh.

Mkoa wa Mara, iliko Buhemba, una mfano mkubwa wa wazo hili la kutumia mtandao uliopo kabla ya kwenda nje. Miaka ya 2000, wilaya za Bunda na Serengeti zilijengewa mtandao wa majaribio chini ya mradi wa ICT4RD, ulioziunganisha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na chuo cha KTH cha Stockholm. Ulitumia nyuzi za mawasiliano zilizokuwa tayari kwenye njia za umeme za TANESCO, ukaunganisha shule, huduma za afya na ofisi za halmashauri. Amos Nungu, ambaye baadaye aliiongoza COSTECH, aliuandikia tasnifu yake ya uzamivu huko KTH mwaka 2011. Kinachonivutia katika kazi hiyo ni kutumia kilichopo kwanza. Nyuzi zilikuwa pale, na hospitali haina haja ya kuipitisha Ulaya barua ya jirani yake. Nyumba yenye ruta moja iko katika nafasi hiyo hiyo, kwa kiwango chake.

Ukishamaliza kuzipanga kompyuta zako, hakikisha zinaonana bila intaneti: zima ruta, toa laini, uiwashe tena. Fungua folda kutoka kila upande, kisha nakili kitu kizito, tuseme video ya megabaiti 700. Kwa waya wa kawaida wa megabiti 100 kazi hiyo huchukua kama dakika moja. Kompyuta zote mbili zikiwa kwenye Wi-Fi itachukua zaidi, kwa sababu kila kipande cha faili kinapita hewani mara mbili, kutoka mashine ya kwanza hadi kwenye ruta na kutoka kwenye ruta hadi ya pili, kwenye chaneli ile ile. Kwa hiyo ile ya mezani, ambayo haihami, ipe waya, na Wi-Fi iachie kompyuta mpakato na simu.